Mkono wa pili wa bastola

Mwaka 2027 Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, itatimiza miaka 100. Wengi wetu tunaizunguka kila siku, macho yakiwa kwenye magari ya Samora na Maktaba. Siku ukipata dakika tano, simama umtazame. Amesogeza mguu mbele, singe ya bunduki yake imeelekea bandarini, na bunduki ameishika kwa mikono miwili: mmoja mbele kuishikilia, mwingine nyuma, karibu na kifyatulio.

Ofisa aliyemwongoza askari yule hakushika silaha hivyo. Awe Mjerumani au Mwingereza, bastola yake ilikaa kiunoni, na alipoichomoa aliinyoosha kwa mkono mmoja. Nilitaka kujua kwa nini, na jibu limenirudisha Kariakoo.

Chanzo ni farasi. Mkono wa kushoto wa mpanda farasi umeshika hatamu, kwa hiyo unabaki mmoja tu wa kupigana. Kwanza mkono huo ulishika upanga, baadaye ukashika bastola. Mabwana wa Ulaya walioitana uwanjani kumaliza ugomvi wa heshima nao walisimama kiubavu, mkono mmoja mbele, ili mwili uwe shabaha nyembamba kwa adui. Majeshi yakauchukua mtindo huo na kuufundisha hata kwa watu wasiopanda kitu.

Hapa kwetu farasi hakufika mbali. Katika vita ya 1914 hadi 1918 mbung'o waliwaua farasi na nyumbu kwa maelfu, na mizigo ya jeshi ikahamia vichwani mwa watu. Hao ndio wapagazi wa Carrier Corps, jina ambalo ndimi za Waswahili zililigeuza likawa Kariakoo. Baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916, wapagazi walikusanywa eneo lile kabla ya kupelekwa bara, na wengi hawakurudi. Maradhi na njaa viliwaua zaidi kuliko risasi. Kwa hiyo ofisa alitembea kwa miguu kama wenzake, hatamu hana, mkono wake wa kushoto hauna kazi, na bado bastola aliishika kama mtu aliye juu ya farasi. Bastola ya Webley Mark VI, waliyoanza kuitumia Waingereza mwaka 1915, ilizidi kilo moja kabla ya kutiwa risasi. Nyosha mkono mmoja wenye kilo ya sukari uone utakaa kimya kwa muda gani.

Mazoea hayo yalidumu. Kule Shanghai, polisi wawili Waingereza, William Fairbairn na Eric Sykes, walikusanya mafunzo ya mapambano zaidi ya 600 ya vichochoroni wakaandika kitabu mwaka 1942. Kwa adui wa karibu walifundisha mkono mmoja, bila kulenga kwa jicho. Mikono miwili waliiweka kwa adui wa mbali, pale mtu anapopata nafasi.

Aliyeleta mageuzi hakuwa jenerali. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Jeff Cooper, aliyewahi kuwa ofisa wa wanamaji wa Marekani, aliandaa mashindano ya bastola huko Big Bear Lake, California. Filamu za kikauboi zilikuwa zimewapandisha watu wazimu wa kuchomoa haraka. Ndizo hizohizo zilizojaza Empire, Empress na Avalon hapa mjini, na vijana wa Kariakoo wakatoka sinema wakitembea mabega juu, vidole viwili vikiwa bastola, wanapiga kutoka kiunoni.

California nao walipiga kutoka kiunoni. Shabaha zilikuwa maputo makubwa, umbali wa kama mita sita na nusu. Wawili wanasimama, ishara inatolewa, wa kwanza kupasua yake anashinda. Kila mtu alitafuta kasi: mkono mmoja, bastola ikitoka tu mfukoni mwake inafyatuliwa. Risasi zikapita pembeni ya puto, za pili nazo, na mshindi mara nyingi alikuwa yule aliyebahatika mapema.

Alikuwepo Jack Weaver, polisi wa Los Angeles. Yeye aliamua kwamba risasi ya haraka inayokosa haina faida yoyote. Akachomoa, akaileta bastola hadi usawa wa macho, mkono wa kushoto ukauzunguka wa kulia, kiwiko cha kushoto kikiwa kimepinda. Mkono wa kulia ulisukuma mbele, wa kushoto ukavuta nyuma, na bastola ikatulia katikati ya nguvu hizo mbili. Aliangalia kilengeo, akafyatua. Alichelewa kwa kufumba na kufumbua, ila puto lilipasuka kwa risasi ya kwanza. Mwaka 1959 aliwashinda wote.

Ninayoyajua kuhusu siku zile yanatokana zaidi na Cooper, na Cooper alikuwa mtu wa kushikilia msimamo. Uzuri wake ni kwamba naye alikuwa upande wa mkono mmoja, akashindwa, akakubali. Mtindo akaupa jina la Weaver, akaufundisha na kuuandikia mpaka ukaenea duniani. FBI iliuchukua mwaka 1982. Baadaye washindani wa Marekani wakanyoosha mikono yote miwili sawasawa mbele ya kifua, na mtindo huo ndio unaoonekana sana leo.

Mkono mmoja umebaki kwenye Olimpiki, ambako kanuni za bastola hazimruhusu mtu kutumia mwingine. Ndiyo maana yule Mturuki Yusuf Dikeç, Paris 2024, alisimama mkono wa kushoto ukiwa mfukoni. Picha yake ilizunguka simu zote za mji huu, watu wakadhani ni maringo. Akiwa na miaka 51 aliondoka na medali ya fedha.

Narudi Posta. Maandishi ya Sanamu ya Askari yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini juu ya jiwe amesimama askari peke yake. Nairobi, kwenye sanamu iliyochongwa na James Alexander Stevenson, huyohuyo aliyechonga hii yetu, pagazi amesimama pamoja na askari. Sisi wenye mtaa uliobeba jina lao hatukumpa mahali juu ya jiwe, na hilo linaniuma kila nipitapo Msimbazi asubuhi na kumwona kijana chini ya robota la mitumba, mikono yote miwili juu, shingo imekaza, akiomba njia. Maadhimisho ya 2027 bado hayajatupita. Jiji liweke sanamu ya pagazi Kariakoo, pale sokoni, na mikono yake ionekane.