Msimu mmoja wa Njombe Mji

Wadau, hapa chuo ukisema unatoka Ilembula, swali ni moja: Simba au Yanga? Mie najibu Njombe Mji, watu wanacheka. Haya, historia kidogo.

Mkoa wetu ulizaliwa 2012, na timu ikacheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18. Septemba 2017 Yanga walikuja Sabasaba wakashinda 1-0, bao la Ibrahim Ajib. Aprili 2018 Simba nao 2-0, yote ya John Bocco. Kati ya timu 16 zilishuka mbili tu: sisi na jirani zetu Majimaji wa Songea.

Ndo hivyo, msimu mmoja! Ila ule mwaka shabiki wa Njombe ilibidi achague: Kariakoo au nyumbani? Aliyechagua nyumbani alifungwa sana, lakini alifungwa na timu yake. We ungechagua wapi?