Sura ya Mchezaji ni Mali ya Nani?

Kadi za besiboli za Marekani huchukuliwa kuwa mchezo wa watoto. Mimi nazisoma kama sehemu ya historia ya kazi na mtaji.

Zilienea kupitia pakiti za sigara miaka ya 1880. Karatasi ngumu ilizuia sigara zisivunjike, na picha ya mchezaji ilimrudisha mnunuzi dukani. Kati ya 1909 na 1911 American Tobacco Company, iliyohodhi soko la tumbaku hadi Mahakama ya Juu ilipoamuru ivunjwe, ilitoa mkusanyo uitwao T206. Kadi ya Honus Wagner ilisitishwa mapema. Wapo wasemao hakutaka watoto wanunue sigara. Wengine husema alitaka alipwe. Hadithi ya kwanza ndiyo iliyopendwa, na si vigumu kuona kwa nini.

Baadaye tumbaku ilipisha chingamu: Goudey mwaka 1933, kisha Topps. Kadi za Topps za 1952 zilizododa, ikiwamo ya Mickey Mantle, zilimwagwa baharini zikiwa masandukuni, miaka kadhaa baadaye. Mwaka 2022 kadi moja ya Mantle iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6.

Na mwenye sura je? Katika miaka ya 1960 Topps ilimlipa mchezaji dola 125 kwa mwaka, basi. Marvin Miller, mchumi aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa chuma, alishika uongozi wa chama cha wachezaji mwaka 1966. Hakuitisha mgomo wa uwanjani. Aliwashawishi wachezaji wakatae kupigwa picha na wasihuishe mikataba. Kampuni ya kadi isiyo na picha mpya ina nini cha kuuza? Mwaka 1968 Topps ilikubali: dola 250 kwa kila mchezaji, pamoja na asilimia 8 ya mauzo hadi dola milioni 4, na asilimia 10 kwa yanayozidi hapo. Miongo iliyofuata, mapato ya leseni yakawa akiba ya chama nyakati za migomo.

Ukiritimba wa Topps ulivunjwa mwaka 1981, Fleer na Donruss walipoingia sokoni. Watu wazima wakahodhi maboksi kama hati za hisa, viwanda vikachapa bila kiasi, na katika miaka ya 1990 bei zikaporomoka. Siku hizi kadi hupimwa ubora na kufungiwa ndani ya plastiki ngumu, mtoto haigusi.

Mwaka 2021 chama hicho hicho cha wachezaji kiliipa Fanatics haki za sura za wanachama wake. Januari 2022 Fanatics ikainunua biashara ya kadi ya Topps yenyewe.