Kiti cha Kidato cha Tano

Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaja hesabu ambayo sisi wazazi wa Ngara na Biharamulo tungefaa kuikumbuka. Tulipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa sekondari Tanganyika walikuwa 11,832. Kati yao, waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176 tu, nchi nzima. Miaka sita baadaye wa sekondari walifika 25,000, na wa kidato cha sita 830.

Hebu tuwaketishe hao 176 katika mabenchi ya kanisa letu siku ya Pasaka. Wengi wetu bado tungepata nafasi ya kukaa.

Kwa kijana wa Rulenge au wa Biharamulo mjini, kiti hicho kilikuwa mbali hata kwa safari. Katika eneo letu la magharibi ya ziwa, elimu ya sekondari ilitia mizizi kwanza Bukoba, katika shule kama Ihungo, Kahororo na Nyakato. Huku kwetu wamisionari, wawe Mapadre Weupe au Waanglikana wa Murgwanza, walianza na shule za chini na mafundisho ya dini. Aliyefaulu kuendelea alifunga sanduku lake la bati, akaagwa na kijiji kizima. Msichana aliyeagwa hivyo alikuwa nadra.

Mwalimu aliwafananisha wasomi wachache wa wakati ule na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akichukua chakula kile asirudi, huyo ni msaliti. Mkristo anayesikia mfano huo hukumbuka mara moja talanta za Mathayo 25. Kiti cha shule kilikuwa amana ya watu wengi iliyowekwa mikononi mwa mmoja.

Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za makanisa zilitaifishwa, isipokuwa seminari. Waumini wengi waliumia, kwa kuwa walikuwa wamebeba mawe na kufyatua matofali kwa mikono yao. Lakini shabaha ya Serikali ilikuwa kwamba mtoto asinyimwe nafasi kwa sababu ya dini yake. Mwaka huohuo wa 1969 Christopher Mwoleka akawa Askofu wa Rulenge. Yeye aliupokea ujamaa kwa moyo, akaenda kuishi na wakulima katika kijiji cha ujamaa, akahimiza jumuiya ndogo ndogo ambamo majirani hujuana na kubebana mizigo. Jumuiya hizo nitazirudia, kwa kuwa jibu la swali letu liko humo.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto aingie shule ya msingi, na mwaka 1977 ukawekwa kuwa mwaka wa kulitimiza. Fedha kidogo zilizokuwapo zilipelekwa huko kwanza, na sekondari ikabaki tundu la sindano. Watoto wa darasa la saba waliongezeka maelfu kwa maelfu, lakini mlango wa mbele yao ulikuwa uleule. Wengi wa wazee wetu waliishia hapo si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa kiti.

Mlango ulifunguka katika karne hii. Mpango wa MMES ulianza mwaka 2004, na kuanzia mwaka 2006 shule za kata zikajengwa kwa kasi, wananchi wakichanga na kusomba mchanga. Ila majengo yaliwatangulia walimu, maabara na vitabu. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata sifuri. Serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Tulijifunza kwa uchungu kwamba kumwandikisha mtoto ni jambo moja, na kumfundisha ni jambo jingine.

Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 Serikali ikafuta pia ada ya kidato cha tano na cha sita. Kiti kilichowahi kuwa cha watu 176 sasa kinatolewa bila ada kwa makumi ya maelfu.

Je, kazi imekwisha? Hapana. Shule za kidato cha tano hupokea wanafunzi kutoka nchi nzima. Mtoto wa Ngara aweza kupangiwa Ruvuma au Lindi. Fomu ya kujiunga inataja godoro, shuka, ndoo, sare, madaftari, jembe au fyekeo, na nauli ya siku mbili haimo katika ada iliyofutwa. Kwa familia inayotegemea migomba na maharage, orodha hiyo ni ukuta. Jina lake limetoka, lakini siku ya kuripoti yuko shambani. Akiwa ni binti, huenda tayari kuna mtu aliyekuja kuzungumzia mahari.

Ndugu zangu, mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, katika muda wa siku moja hivi. Ngara iliwapokea, ingawa kuni na maji havikutosha. Watu waliobeba mzigo ule hawawezi kusema wameshindwa kumsindikiza mtoto mmoja.

Basi majina yanapotangazwa, kila jumuiya na kila mtaa uulize: wa kwetu ni nani, na amepungukiwa nini? Mmoja atoe godoro, mwingine ndoo, kwaya ichangie nauli. Mzee wa kanisa azungumze na baba wa binti mapema, kabla ya mahari kupokelewa. Naye mtoto aambiwe waziwazi kwamba anakwenda na chakula cha kijiji, na kijiji kinamngoja arudi.