Habari za Uvimbe wa Mifupa, na Daktari Asiyeficha Makosa Yake

Leo tumekusudia kueleza habari za ugonjwa mmoja ambao hauwapati watu wengi, lakini mara nyingi humshika mtu angali kijana, wakati mifupa yake inapokua. Ugonjwa huo ni uvimbe mbaya wa mfupa, ambao madaktari huuita sarkoma. Si kila uvimbe wa mfupa ni wa namna hii. Upo mwingine mwingi usioua. Kazi ngumu ni kuutambua ule unaoua, na kuutambua mapema. Na tutazame jinsi wanadamu walivyojifunza kazi hiyo.

Katika mwaka 1890 msichana mmoja wa Marekani, Elizabeth Dashiell, mwenye umri wa miaka 17, aliumia mkono katika safari ya gari la moshi. Jeraha lilikuwa dogo, wala hakuna aliyelijali. Lakini maumivu hayakuisha, na uvimbe ukazidi. Akaenda New York kwa Daktari William Coley, mpasuaji aliyekuwa bado kijana wa miaka 28. Kwanza ilidhaniwa ya kuwa mna usaha karibu na mfupa. Daktari akapasua, asione usaha. Baadaye kijinyama cha ule uvimbe kilitazamwa kwa darubini, ikajulikana kuwa ni sarkoma. Mkono ukakatwa chini ya kiwiko, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea mwilini. Mwezi wa Januari, 1891, msichana yule akafa.

Tusidhani ya kwamba Coley alikuwa mzembe. Dawa ya usingizi ilikuwa imeonyeshwa mbele ya watu mjini Boston tangu mwaka 1846, na Lister wa Uingereza alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1867 namna ya kuzuia vidonda visioze. Basi mikono ya wapasuaji ilikuwa hodari, ila macho yao hayakuweza kupenya ndani ya mwili. Chombo cha kutazama mfupa pasipo kupasua kilikuwa hakijapatikana. Miale ya eksirei iligunduliwa na Röntgen, huko Ujerumani, mwezi wa Novemba, 1895, karibu miaka mitano baada ya kifo cha Elizabeth.

Lakini picha peke yake haikutosha. Picha mbele ya mtu asiyejua maana yake ni kama barua mkononi mwa asiyejua kusoma. Tena madaktari hawakupatana hata kwa majina: uvimbe ule ule mmoja aliuita hivi, mwingine vile. Mmoja alikata mguu ambao ungaliweza kuachwa, na mwingine aliacha mguu uliopasa kukatwa.

Hapo ndipo alipotokea Ernest Codman, mpasuaji wa Boston. Yeye alikuwa na fikira moja iliyowachukiza wenzake wengi. Alisema kwamba kila mgonjwa aandikiwe karatasi, na baada ya mwaka aulizwe hali yake. Na kama hakupona, sababu itafutwe bila ya kuficha. Alifungua hospitali yake mwenyewe ndogo, na kati ya mwaka 1911 na 1916 wagonjwa 337 walitoka humo. Codman akachapisha hesabu ya makosa yaliyotendeka kwao, nayo yalikuwa 123. Ni nani mwingine angalithubutu kufanya hivyo?

Mwaka 1920 akaitumia fikira hiyo hiyo kwa uvimbe wa mifupa. Alianzisha daftari moja, akawaomba wapasuaji wa mahali pengi wampelekee habari za wagonjwa wao, pamoja na picha za eksirei na vijinyama vilivyotazamwa kwa darubini. Hivyo mambo ambayo daktari mmoja aliyaona mara chache maishani mwake yalikusanywa pamoja, yakalinganishwa, na majina yakaanza kupatana. Mwaka 1925 Codman alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Hata leo alama moja ya eksirei, pale utando wa nje wa mfupa unapoinuliwa na uvimbe, huitwa pembetatu ya Codman. Alikufa mwaka 1940, na kaburi lake halikuwekewa jiwe mpaka mwaka 2014.

Hata hivyo, kujua ugonjwa si kuuponya. Kwa miaka mingi kiungo kilikatwa, na bado katika wagonjwa watano wa sarkoma ya kawaida ya mfupa aliishi kama mmoja tu, kwa sababu mbegu za ugonjwa zilikuwa zimekwisha kufika mapafuni. Baada ya mwaka 1970 zilianza kutumiwa dawa kali zinazoziua mbegu hizo mwilini mote. Tangu hapo, kama ugonjwa haujaonekana mahali pengine, katika wagonjwa kumi huweza kupona sita au saba wakitibiwa vema. Tena mara nyingi mguu haukatwi: mpasuaji huondoa sehemu mbovu ya mfupa pamoja na nyama kidogo nzima kuizunguka, kisha huweka mfupa wa madini au mfupa mwingine mahali pake.

Basi tujifunze nini sisi tulio mbali na Boston? Kijana akilalamika maumivu ya mfupa yasiyoisha kwa majuma, hasa yanayomwamsha usiku, au akiwa na uvimbe unaozidi karibu na goti au bega, tusiseme ni pigo la mpira tu, wala tusiukande wala kuuchanja. Tumpeleke hospitali apigwe picha. Huenda likawa jambo dogo, nasi tutarudi nyumbani kwa furaha. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kifo humfichua. Neno hilo lamhusu mgonjwa, na Codman ametuonyesha kwamba lamhusu daktari vile vile.