Maziwa ya Nyayo, Maji ya Nyayo House

Ukimtajia neno Nyayo mtu aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya miaka ya 1980, huenda akakuchorea kwa vidole pakiti ya pembe tatu. Mradi wa maziwa ya shule ulianza 1979, mwaka mmoja baada ya Daniel arap Moi kushika urais, na kizazi cha wazazi wetu kinayakumbuka kwa mapenzi ya kweli. Shangazi yangu husema ladha ile hajaipata tena. Simbishii.

Mimi nilizaliwa baada ya Moi kuondoka Ikulu mwishoni mwa 2002. Nyayo niliyoikuta ni jengo. Nilipokwenda Nyayo House kuomba pasipoti, nilipanga foleni na bahasha yangu ya picha na nakala za kitambulisho, nisijue kwamba katika ghorofa ya chini ya ardhi kuna vyumba ambamo watu walifungiwa uchi, gizani, sakafu ikiwa imemwagwa maji wasipate pa kuketi wala kulala. Walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri lililoupinga utawala wa Moi, walipitishwa humo, hasa kuanzia 1986, na baadhi yao walitolewa na kufikishwa mahakamani jioni, bila wakili, wakakiri na kufungwa. Niliyajua hayo baadaye, kwa kusoma simulizi za walionusurika.

Hoja yangu ni kwamba maziwa yale na maji yale yalitekwa katika kisima kimoja. Kilichonunuliwa kwa fedha za umma kiliitwa kwa kaulimbiu ya Rais, Nyayo, na mtoto akafundishwa kushukuru. Kiapo cha utii kilimtaja Rais kwanza, taifa likafuata. Redio ilianza habari kwa kusema Mtukufu Rais amekwenda wapi leo. Haki ikishavishwa nguo za zawadi, anayehoji huonekana kwanza hana adabu, kisha mchochezi, hatimaye msaliti. Na msaliti hupelekwa chini. Juni 1982 kifungu cha 2A cha Katiba kiliifanya KANU kuwa chama pekee kisheria. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea mchana kweupe, na kuna mahali ambapo mwenye mstari mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi.

Wapo wanaotulaumu vijana kwamba tumesahau. Hatukukabidhiwa. Vyumba vile vilifunguliwa kwa umma Februari 2003, vikafungwa tena. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais Mei 2013, na Bunge halikuipitisha. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Walionusurika wakazeeka wakiusubiri.

Gharama ya ukimya huo niliiona Juni 2024, vijana wenzangu walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Baadhi yao walichukuliwa na watu wasiovaa sare. Sisi tulidhani jambo hilo ni geni. Wazee walilitambua siku ile ile, na mama waliozunguka vituo vya polisi wakiuliza wana wao walikuwa na watangulizi: Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai, waliketi Uhuru Park kudai wana wao waachiliwe. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo. Kisha wakahamia Kanisa la All Saints na kuendelea na mgomo wao.

Ninachokihofia zaidi katika uongozi wa sasa ni kitenzi kimoja. Sikiliza mkutano wowote wa hadhara: nimewaletea barabara, nimewaletea umeme. Mwanasiasa anatangulia katika kiambishi cha nafsi, na aliyelipa kodi anabanwa katikati ya neno, mtendewa. Sarufi ile ile ya pakiti. Ndiyo maana nataka kuvifungua vyumba vile kuwe wajibu wa serikali kisheria, kusisubiri huruma ya rais yeyote, na vifunguliwe saa zile zile za ofisi ya pasipoti, ili kila mwombaji avipitie.

Pasipoti yangu inadumu miaka 10. Nikirudi kuibadilisha nitakwenda na shangazi. Nataka tushuke ngazi zile pamoja, anisimulie tena habari za maziwa tukiwa tumesimama mle ndani.