Nyuki wa Tanga waliaminika, wa Singida je?

Mwanzoni mwa Novemba 1914 meli za Uingereza zilishusha Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyekuwa akiulinda mji, alikuwa na watu kama 1,000 tu. Haikupita wiki, wavamizi wakawa wamerudi melini, nyuma yao wameacha bunduki kwa mamia, rashasha 16 na risasi karibu 600,000. Tarehe 4, mapigano yalipopamba moto, mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini nje ya mji ilivurugwa na nyuki wakamwagika juu ya askari. Kikosi cha 98 cha India, ambacho tayari kilikuwa kimechoshwa na safari ndefu ya bahari, kikavunjika na kukimbilia ufukweni.

Hakuna mwanahistoria wa vita anayelikataa tukio hilo. Vitabu vingi huyaita mapigano ya Tanga Vita vya Nyuki, na ni mfano wa namna jeshi kubwa linavyoweza kushindwa na dogo. Magazeti ya Uingereza yalifika hata kudai kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao makusudi. Lettow-Vorbeck alijibu katika kumbukumbu zake za mwaka 1920 kwamba hata wapiga rashasha wake waliumwa mpaka wakaziacha silaha.

Sasa twende Singida. Wanyaturu husimulia habari za Liti, mwanamke aliyewakabili Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, walipokuwa wakiingia nchi hiyo kutafuta utii na kodi. Liti alikuwa na uwezo wa kuita nyuki, wasimulizi wanasema, na askari waliotumwa kumkamata walijikuta wakikimbizwa na makundi ya wadudu. Mwishowe aliuawa. Jina lake leo liko kwenye uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, na mashabiki wa mpira hulitaja bila wengi wao kujua ni la nani.

Habari ya Tanga inawekwa kwenye rafu ya historia ya vita, ya Singida inapelekwa kwenye rafu ya ngano. Kwa mtu wa Mtinko, kaskazini mwa mji wa Singida, mgawanyo huo una kichekesho ndani yake. Katika nchi hii asali ni chakula, dawa na fedha, na mtu hahitaji kushawishiwa na profesa kwamba mzinga ukivurugwa unaweza kumkimbiza mwenye bunduki. Nyuki wetu wa Afrika ni wakali kuliko wale waliozoeleka Ulaya. Mmoja akidunga huacha harufu inayowaita wenzake, nao humfuata adui umbali mrefu. Kwa kundi la askari lililopanga mstari kwenye njia nyembamba ya vichakani, katikati ya majabali na miba, hiyo ni silaha ya kutosha.

Wanaotofautisha habari hizi mbili husema Tanga ina karatasi. Ni kweli. Kuna taarifa za makamanda, kumbukumbu za vikosi na historia zilizoandikwa na pande zote mbili. Lakini karatasi nayo ina mwenyewe. Jenerali Aitken, aliyeongoza uvamizi wa Tanga, alishushwa cheo baada ya aibu ile, na kwa jeshi lililoshindwa na watu wachache namna hiyo nyuki walikuwa kisingizio kizuri kuliko kukiri kwamba halikufanya upelelezi na lilichelewa kushambulia. Nasema hivi bila kukanusha kwamba nyuki walikuwepo. Walikuwepo, ila uzito waliopewa ulimfaa mtu fulani. Vivyo hivyo simulizi ya Liti inawafaa wanaoisimulia, kwa kuwa inawapa walioshindwa siku moja ya ushindi. Anayeipima ya pili kwa shaka hiyo aipime na ya kwanza.

Kuna na ukimya wa upande wa pili. Ofisa kijana katika kituo cha mbali, anayetaka kupandishwa cheo, hana sababu ya kuwaandikia wakubwa wake kwamba msafara wake umetimuliwa na mwanamke na nyuki. Kumbukumbu za Kijerumani zisipotaja nyuki wa Singida, ukimya huo hautoshi kuwa ushahidi kwamba hawakuwepo.

Ugumu mwingine ulitokana na jinsi Wanyaturu walivyoishi. Hawakuwa na watemi kama Wanyamwezi wala mtwa kama Wahehe. Serikali yao ilikuwa ukoo na wazee wake. Kwa Wahehe Wajerumani walijua nani wa kupigana naye: Mkwawa aliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kwa miaka iliyofuata vita ile ilikuwa na sura ya mtu mmoja anayewindwa. (Tom von Prince, Bwana Sakarani, mmoja wa waliomwinda, alikuja kuuawa palepale Tanga mwaka 1914.) Singida haikuwa na ikulu ya kuteka wala mtawala wa kutia sahihi. Katika nchi ya namna hiyo anayeweza kuwakusanya watu wa koo nyingi ni mganga au mtabiri, kama alivyokuwa Kinjikitile wa vita ya Maji Maji kule Ngarambe mwaka 1905. Kumwita Liti mchawi na kuishia hapo ni kushindwa kuona kwamba alikuwa akifanya kazi ya jemadari: kukusanya watu, kuwapa moyo na kuchagua mahali pa kumkabili adui.

Wajerumani walijibu kama walivyojibu kwingine. Walijenga vituo, wakaweka majumbe pasipokuwa na majumbe, wakakusanya kodi. Ngome yao ya mawe ya Mkalama, kaskazini zaidi, ingali inaonekana. Halafu ofisa mmoja wa jeshi lao aliyekaa Singida, Eberhard von Sick, akaandika utafiti mrefu juu ya mila za Wanyaturu uliochapishwa Ujerumani mwaka 1915, vita ikiwa imeshaanza. Utafiti ule una thamani yake, lakini ni maandishi ya mtu aliyekuwa na amri juu ya wale aliowaandika.

Sauti ya pili, ya wazee wenyewe, ilichelewa. Miaka ya 1960 idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikiwa na watu kama Terence Ranger, John Iliffe na Gilbert Gwassa, ilianza kuwachukulia wazee kama mashahidi. Kati ya 1968 na 1969 wanafunzi walirudi vijijini kwao kukusanya simulizi za Maji Maji. Mwaka huohuo wa 1969 Marguerite Jellicoe alichapisha katika jarida la Tanzania Notes and Records makala juu ya upinzani wa Wanyaturu dhidi ya Wajerumani. Wakati huo wazee walioyaona mambo yale utotoni walikuwa bado hai. Sasa hawapo, na simulizi zinazosikika leo zimepita kwa watoto na wajukuu, redioni, na hata kwenye hotuba za uwanjani.

Kazi imekuwa ngumu zaidi, ingawa haijashindikana. Mtu anayetaka kuzichunguza habari za Liti kama habari za vita hana haja ya kuanza na swali la uchawi. Aulize walipofika askari, mizinga ilikuwa wapi, kwenye njia au nyumbani? Ilikuwa majira gani, maua yakiwa yamechanua na makundi yakiwa makubwa, au kiangazi mizinga ikiwa mitupu? Wapiganaji wa Liti walijikinga vipi wao wenyewe, maana nyuki hachagui bendera? Na ilikuwa saa ngapi? Warina asali wa nchi hii hupanda mtini usiku kwa sababu gizani nyuki hawaruki kumkimbiza mtu, hutambaa tu. Simulizi inayosema askari walitimuliwa na nyuki mchana ina uzito wa aina moja, na inayosema walitimuliwa usiku wa manane itabidi ieleze zaidi. Kwa uchunguzi wa aina hii shahidi mtaalamu anapatikana Mtinko, akiwa na kamba, moshi na ndoo yake.