Soseji, Viazi na Sukuma Wiki: Supu ya Hotelini Yenye Ukoo na Uvinza

Kama unapenda kuangalia video za mapishi kwenye simu, huenda umeshaiona: supu nyeupe, nzito kiasi, yenye vipande vya soseji, viazi na majani ya kijani yanayoelea juu. Wamarekani wanaiita zuppa toscana, yaani "supu ya Toscana" kwa Kiitaliano, na walioipa umaarufu ni migahawa ya Olive Garden, iliyoanzia Florida mwaka 1982. Swali letu leo ni dogo tu: ukiwa Kasulu au Kibondo, unaweza kuipika nyumbani? Jibu fupi ni ndiyo, tena bila kuhangaika sana. Lakini jibu refu ndilo lenye utamu, maana ukiichambua hiyo sufuria kitu kimoja kimoja unakutana na historia ya Buha yenyewe. Humo kuna majibu ya maneno ambayo watu wa huku tumeyasikia mno, kwamba "Waha ni watu wa muhogo tu, nyama wanaijulia wapi."

Tuanze na neno lenyewe, soseji. Kiswahili kimelitoa kwenye Kiingereza, Kiingereza kikalitoa kwenye Kifaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini salsus, maana yake "iliyotiwa chumvi". Kwa hiyo soseji, kwa asili, ni nyama ya chumvi. Zamani hakukuwa na friji, na chumvi ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Inavuta maji kutoka kwenye nyama na kutoka kwenye bakteria wenyewe, wanashindwa kuzaana, nyama inakaa muda mrefu zaidi. Halafu ina kazi ya pili: inayeyusha baadhi ya protini za nyama, zinakuwa kama gundi. Ndiyo maana soseji haimeguki hovyo unapoikata.

Sasa, chumvi ilitoka wapi huku kwetu, mbali hivi na bahari? Uvinza. Shuka kusini kutoka Kasulu mpaka pale mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, utakuta chemchemi za maji ya chumvi. Miaka ya 1960 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba pale na kukuta mabaki ya kazi ya kuchemsha maji hayo kwenye vyungu, kazi iliyoanza kwenye karne ya 5 au ya 6. Hebu fikiria: miaka elfu moja na mia tano hivi. Wakati huo kiazi ulaya hakijulikani popote nje ya bara la Amerika, na Olive Garden ndiyo kabisa, haijaota hata kwenye ndoto.

Chumvi hiyo haikukaa Uvinza tu. Ilibebwa kichwani kwenda Buha, Burundi, Unyamwezi na kandokando ya ziwa Tanganyika, na watawala wa Uvinza walitoza ushuru kwa waliokuja kuchemsha. Njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji ilipita maeneo hayo hayo, na reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, nayo ikapita Uvinza. Kwa maneno mengine, katika vitu vyote vya supu hii ya "kizungu", kile kilichoipa soseji jina lake kina historia ya zamani zaidi hapa hapa Kigoma.

Basi kama chumvi ilikuwepo, nyama ilienda wapi? Hapa twende taratibu.

Buha ya zamani ilikuwa nchi ya ng'ombe. Kulikuwa na tawala kadhaa chini ya Mwami wake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko, na nyingine. Ng'ombe walifunga undugu na utii. Mwenye mifugo alimkabidhi mwingine ng'ombe, naye aliyekabidhiwa akawa na wajibu kwake. Utaratibu huo uliitwa ubugabire. Kwa hiyo wazo kwamba watu wa huku hawakuwahi kuwa na mifugo halina msingi.

Kilichotokea ni magonjwa, moja baada ya jingine. La kwanza ni sotoka. Virusi hivi viliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, vikashuka kusini kwa kasi, na kufikia miaka ya 1890 vilikuwa vimefagia sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. (Habari njema: mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa pili tu kufutwa kabisa baada ya ndui.) Ng'ombe wakipungua, hakuna wa kula majani na vichaka. Pori linakua, wanyama wa porini wanarudi, na mbung'o wanarudi nao.

Mbung'o wanabeba vimelea vinavyoleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Waingereza ikaanza kuwahamisha watu wa Buha kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja, ili wafyeke pori na wakae mbali na mbung'o. Kuna maisha yaliyookolewa, hilo tusilikatae. Lakini angalia upande wa pili: mtu anaacha shamba lenye mbolea ya miaka mingi, anaacha migomba, anaacha makaburi ya wazee wake, na pale alipotoka panageuka pori. Jumlisha na kodi iliyotakiwa kulipwa kwa fedha taslimu. Vijana wengi wa Kasulu na Kibondo wakaondoka kwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, huko Tanga na kwingineko. Nguvu kazi ikapungua nyumbani. Katika hali hiyo muhogo ni zao la akili: unavumilia udongo uliochoka, unavumilia ukame, na unakaa ardhini ukikusubiri. Kwa hiyo mtu akikucheka kwa ugali wa muhogo, mwambie anacheka jibu bila kulijua swali.

Tumalizie vilivyobaki kwenye sufuria. Kiazi mviringo kilifugwa kwenye milima ya Andes, upande wa Peru na Bolivia, maelfu ya miaka iliyopita. Wahispania wakakipeleka Ulaya katika karne ya 16, na kwetu kikaja na wamisionari na wakoloni mwishoni mwa karne ya 19. Ndiyo maana tukakiita kiazi ulaya, ingawa si cha Ulaya kabisa! Kinapenda usiku wa baridi, na kwa sababu hiyo miinuko ya Heru Juu au Manyovu inakifaa kuliko joto la Ujiji kando ya ziwa. Sukuma wiki nayo asili yake ni pande za bahari ya Mediterania, na ni spishi moja na kabichi, brokoli na koliflawa. Wakulima walichagua mbegu kwa karne nyingi, wengine wakitaka majani, wengine maua, mpaka ndugu hao wakaachana sura.

Na je, huko Toscana kwenyewe wanakula hii supu? Supu yao maarufu inaitwa ribollita, maana yake "iliyochemshwa tena". Ni kiporo! Ina maharage, sukuma nyeusi na mkate uliokauka, haina soseji. Waitaliano wenzao huwatania Watoscana kwa kuwaita "wala maharage". Sasa nani Kasulu atashindwa kuelewa utani huo? Supu ya wakulima wa Toscana, kabla haijafika hotelini, ilikuwa na kusudi lile lile la jikoni kwetu: kidogo kilichopo kitoshe wote.

Haya, tupike. Soseji za dukani zinahitaji friji, na friji inahitaji umeme wa uhakika. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo walitegemea majenereta ya dizeli, mpaka gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022. Kama duka la jirani hawana, tengeneza mwenyewe bila utumbo wa kufungia. Kwa watu watano, chukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili manga, na pilipili kichaa kidogo. Kanda kwa mkono kwa dakika tano hivi mpaka inatenate. Hiyo ndiyo ile gundi ya protini tuliyoitaja. Viringisha vipande vidogo kama kidole, vikaange vibadilike rangi, kisha vitoe.

Kwenye mafuta yale yale kaanga kitunguu maji. Weka viazi sita vilivyokatwa vipande vyembamba na maji lita moja na nusu, vichemke mpaka vilainike. Ponda vipande vichache pembeni ya sufuria kwa mwiko. Wanga wa viazi ukipata joto la nyuzi 60 hadi 70 unavimba na kushika maji, supu inakuwa nzito bila unga wala krimu. Rudisha soseji ziive kabisa mpaka katikati. Kisha weka fungu la sukuma wiki iliyokatwa, dakika tatu au nne tu. Vitamini C inaharibika kwa moto wa muda mrefu, na hiyo ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale ya kwenye majani na maharage. Punguza moto, mimina kikombe kimoja cha maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, koroga, epua. Onja kabla ya kuongeza chumvi, soseji zimeshatoa yake.

Mfuko hauruhusu nyama wiki hii? Toa soseji, weka vikombe viwili vya maharage ya Kasulu yaliyoiva. Utakuwa umeirudisha supu karibu zaidi na ile ya Watoscana wenyewe. Na kama mko watu wazima wenye umri mezani, waulize chumvi ya kwao zamani ilitoka wapi na ilibebwa na nani. Wahi, maana wanaojua wanazidi kupungua.